Joto bado lipo, lakini usingizi umerudi

Assalamu alaykum dada zangu na wote mliopita hapa. Wiki iliyopita niliweka status kwamba nimetembea mpaka kijiji cha Shela na kurudi kwa miguu, basi simu haikunyamaza. Mmoja aniuliza umemeza dawa gani, mwengine ataka jina la mti shamba ninaochemsha, manake miaka miwili nyuma hawa hawa walikuwa waniona nikipanda ngazi za nyumbani kwetu mtaa wa Langoni, hapa Lamu, huku nimeshika ukuta kama mgonjwa. Sasa nimekaa niandike yote mara moja, habari ya joto la mwili na safari ya kuelekea kukoma hedhi, kwa sababu sikumeza mti shamba wowote, na kuna mengine siwezi kuyasema kwa sauti ya WhatsApp watoto wakiwa kando.

Ilianza wakati wa kaskazi, Februari, nina miaka 46. Kaskazi ikipiga Lamu kila mtu atoka jasho kwa hivyo mwanzo sikuhofu. Lakini usiku mmoja saa nane nikaamka shuka limelowa, yaani ungelikamua lingetoka maji, moyo wanidunda kama nimekimbizwa, na feni yazunguka juu yangu, na bwanangu kando amejifunika mpaka shingoni. Nikamwangalia yeye nikajiangalia mimi, nikajua hili si joto la hewa, hili latoka ndani mwangu. Laanzia kifuani, lapanda shingoni, laingia usoni mpaka masikio yawaka, dakika tatu nne hivi, alafu laondoka laniacha na baridi ya jasho natetemeka. Usiku ule lilikuja mara tatu.

Mtu wa pwani akiona jasho na kutetemeka afikiria nini? Malaria. Nikapimwa, hakuna. Baada ya wiki mbili nikapimwa tena, hakuna. Kliniki moja nikaambiwa mama una mawazo mengi, nikapewa vidonge vya usingizi, nikawa naamka kichwa kizito mpaka adhuhuri na jasho liko pale pale. Hasira nazo zikaingia. Mimi si mtu wa kupiga kelele, lakini siku moja nilimpigia mwanangu kelele kwa sababu ya kijiko, kijiko tu, alafu nikaingia chooni nikalia. Na kusahau je, nilikuwa nafika dukani nasimama sijui nimefuata nini.

Mamangu ndiye aliyeona. Akaniuliza, "Mwanangu yeo una nini, mbona wafuta uso kila saa?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema, "Ni utuuzima huo," akaendelea kuchambua mchele wake.

Neno lile nililala nalo siku nyingi. Mimi nilipovunja ungo nilifundwa. Somo yangu alinikalisha akanieleza jinsi ya kujihifadhi, josho linaogwaje, swala yasimama lini na yarudi lini, hata kitambaa chakunjwa vipi. Nilipoolewa nikafundwa tena kwa siku na siku. Lakini hili la mwisho, la damu kuaga, hakuna aliyenifunda. Halina somo wala halina ngoma, mama zetu wamelipita wenyewe kimya kimya gizani na sisi twaingizwa mle mle. Kwa kweli hili laniuma mpaka leo, na ndo sababu kubwa ya kuandika.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja, tena sikumwendea mimi, nilikuwa nimempeleka mtoto wa dadangu chanjo. Aliniona nikijipepea na karatasi ya kliniki. Hakuniuliza malaria, aliniuliza siku zako zaja vipi? Nikamwambia mwezi mwengine zaja mara mbili, mwezi mwengine haziji, na zikija ni mafuriko. Akavuta kiti.

Akanieleza kuwa ovari, yaani mifuko ya mayai ya mwanamke, hazizimiki siku moja kama taa. Zapungua kwa kusuasua, mwezi huu zatoa homoni ya estrojeni nyingi kupita kiasi, mwezi ujao kidogo, na homoni mwenziwe, projesteroni, nayo yashuka kwa sababu yai halitoki kila mwezi kama zamani. Huo ndo mtikisiko tunaousikia mwilini. Pale kwenye ubongo panapopima joto la mwili panakuwa pepesi kushtuka, joto likipanda kidogo tu padhani waungua, pafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Kitaalamu waita perimenopozi, yaani ile safari ya kuelekea kukoma hedhi, na wengi huianza katikati ya miaka ya 40, wengine mapema zaidi, na yaweza kuchukua miaka minne, hata minane. Huhesabiwi kuwa hedhi imekoma mpaka upitishe miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Nikamuuliza kama kuna kipimo, akasema ukishapita 45 na una dalili hizi kawaida hakuna haja ya kupima homoni, manake zenyewe leo hivi kesho vile. Na akaniambia kitu nikashtuka, kwamba siku kuchelewa si kinga, mimba bado yaweza kushika mpaka ile miezi ipite. Dada zangu hili lishikeni.

Lakini kabla hajaniambia habari ya mazoezi alinipeleka nikapimwe presha, sukari, tezi la shingo na wingi wa damu. Damu yangu ikatoka 8.9, na mwanamke ambaye hana mimba atakiwa awe 12 kwenda juu. Yaani zile ngazi nilizokuwa nashika ukuta, sehemu kubwa haikuwa uzee, ni damu iliyokuwa yaniishia mwezi baada ya mwezi na mimi nasema ni utuuzima. Nikapigwa ultrasaundi, tumbo la uzazi likaonekana salama alhamdulillah, nikapewa vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu. Nilikuwa nameza na maji ya ndimu, na chai naiweka mbali kwa saa mbili kwa sababu chai yazuia chuma kisiingie.

Kwa hivyo hapa nisikilizeni vizuri. Ukiwa wabadilisha pedi kila saa, au damu yatoka katikati ya mwezi au baada ya kukutana na mume, au ilishakoma mwaka mzima alafu ikarudi hata tone, usiseme ni umri na usianze kukimbia pwani. Nenda ukatazamwe kwanza.

Kuna na jambo la ibada, najua wengi laumiza vichwa. Siku zangu zilipovurugika sikujua lini niswali lini niache, na Ramadhani ile niliingia nikatoka nikaingia mpaka nikachanganyikiwa. Nilimwendea mwalimu wangu wa madrasa, akanikumbusha kuwa kwa madhhab yetu ya Shafi'i hedhi haipiti siku 15, ikipita hapo yaingia hukumu ya istihadha, yaani damu isiyokuwa ya hedhi, waangalia ada yako ya zamani, wajisafisha, watia udhu kila swala, waswali na wafunga. Akaniambia nianze daftari, niandike siku ya kwanza na siku ya mwisho. Lile daftari likaja kunisaidia na kwa daktari pia, kwa sababu nilianza kuandika na joto na usingizi na nilichokula. Daftari la shilingi chache tu la watoto wa shule.

Haya, mazoezi.

Muuguzi aliniambia dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa pumzi, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Nikamwambia dadangu, mimi na buibui langu nikakimbie wapi? Lamu jimu ya wanawake ndani ya mtaa sijaiona. Na msinambie "lakini Lamu hakuna magari nyinyi mwatembea kila siku", kwa sababu kutembea kwetu ni kwa salamu. Kutoka kwangu mpaka sokoni nasimama mara kumi, habari za asubuhi, watoto hawajambo, mgonjwa aendeleaje, alafu punda anakuja na mchanga wabana ukutani apite. Ule si mwendo wa kuufanya moyo ufanye kazi. Nikaona saa yangu ni moja tu, baada ya swala ya alfajiri milango haijafunguka.

Siku ya kwanza nilifika hospitali tu, si mbali, nikageuka. Wiki nzima hivyo hivyo. Alafu nikaongeza kidogo, mpaka siku nikaona nyumba za Shela ziko mbele yangu na jua laja nikasema bismillah nafika. Ni kama kilomita tatu na ushei kutoka mjini, mwanzo nilitumia saa nzima, sasa ni dakika 40 hivi. Kipimo changu ni hiki: niweze kuzungumza lakini nisiweze kuimba kasida. Nikiweza kuimba najua natembea kivivu.

Lakini njia ya Shela si ya kujiendea tu, lazima ujue maji. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, na siku hizo alfajiri bahari imejaa mpaka ukutani, kuna mahali utavua viatu na kulowa. Siku za maji mafu, yaani tarehe nane tisa na ishirini na mbili tatu za mwezi wetu, alfajiri maji yako nje na mchanga ni mgumu, mguu hauzami. Basi mimi hupanga hivyo, maji mafu Shela, bamvua nazunguka ndani ya mitaa napanda kule juu nyuma ya mji kwenye mchanga mlegevu, na mchanga mlegevu mwenzangu usiuone hivi, dakika 20 zakutoa pumzi kuliko saa nzima ya njia tambarare. Raba nimenunua moja nzuri, hapo sikubania pesa, kwa sababu ndala ziliniumiza kisigino.

Siku mbili za kutia nguvu nafanyia juu darini, hakuna anionaye ila kunguru. Nina magaloni mawili ya mafuta ya kupikia ya lita 5. Likijaa maji ni kilo 5, likijaa mchanga mkavu lakaribia kilo 8. Nilianza na maji nusu. Nashika moja kila mkono nainama na kuinuka, mgongo umenyooka, alafu nayanyanyua mpaka mabegani, alafu naenda nayo huku na huku kama tulivyokuwa twateka maji utotoni. Baada ya hapo nasukuma ukuta, mikono miwili kwenye jiwe, mara kumi na mbili, napumzika, tena. Na kitu kikubwa kuliko vyote kwangu kilikuwa kiti. Waketi, wainuka bila kushika kitu, waketi pole pole usijitupe. Mara ya kwanza nilifika tano mapaja yakatetemeka nikaogopa. Miaka 46 na siwezi kuinuka kitini mara sita!

Kwa nini kubeba uzito, kwa nini si kutembea tu? Kwa sababu estrojeni ilikuwa ndo mlinzi wa mifupa yetu, ikishuka mifupa yaanza kupungua mbio hasa miaka ile ya karibu na hedhi kukoma, na msuli unapovuta mfupa kwa uzito mfupa nao wajibu kwa kujijenga. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo na kwa viungo vinavyouma, lakini majini mwili ni mwepesi, mfupa haupati uzito wake. Sisi hapa mama akianguka bafuni akavunja nyonga twasema ni kudura, na ni kudura kweli, lakini mfupa ule ulianza kuliwa miaka ishirini nyuma na hakuna aliyemwambia.

Sasa hapa ndo nataka tuambiane kweli. Mazoezi hayakuniondolea joto. Bado laja, zamani mara tisa kumi kwa siku sasa mara nne tano, na hata huko kupungua sitaki kudanganya mtu niseme ni kutembea, huenda ni kahawa niliyoacha, huenda ni wakati wenyewe. Hata kwenye utafiti, kwa joto mazoezi hayajathibitika. Nawaambia hivi kwa sababu kuna watu huko mitandaoni wawauzia wanawake chai na programu eti siku 21 joto kwisha, mtu atoa pesa yake, joto halikwishi, aona kosa ni lake na aacha hata ile mitembeo iliyokuwa yamfaa. Kilichorudi kwangu ni usingizi. Naamka nikiloa, nabadilisha kanga, narudi kulala, wakati zamani nilikuwa nakaa macho mpaka adhana. Na moyo umetulia, kijiko kikianguka chaanguka tu.

Kwa joto lenyewe dawa yenye nguvu kuliko zote ni homoni za kurudishiwa, na hizo ni za daktari, si za dukani. Najua wengi waziogopa, kuna utafiti mkubwa wa Marekani mwaka 2002 uliotisha dunia nzima, lakini baadaye madaktari waliuangalia tena wakaona kwa mwanamke ambaye hajafika 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na hana saratani ya ziwa wala historia ya damu kuganda au kiharusi, mara nyingi faida ni kubwa kuliko hatari. Mimi situmii, joto langu nalimudu. Ukiona huwezi kufanya kazi wala kulala usijitese, kaulize, si aibu na si udhaifu wa imani.

Daftari ndo lilinionyesha kahawa. Kila nikinywa kahawa tungu ya tangawizi jioni, usiku mafuriko ya jasho. Nikaacha ya jioni nikabaki na kikombe kimoja cha asubuhi. Pilipili yanifanya pia, lakini dadangu ala pilipili mbichi na haimgusi, kwa hivyo kila mtu na daftari lake. Nguo za nailoni nimezitoa, nalala na kanga kuukuu ya pamba, na kitandani sasa tuna mashuka mawili, la bwanangu na langu.

Chakula sikubadilisha sana, nimebadilisha vipimo. Wali wa nazi siuachi, nimezaliwa nao, ila sasa ni robo ya sahani, robo ni samaki au mbaazi au kunde, na nusu ni mboga. Mahamri ni Ijumaa. Estrojeni ikishuka mafuta yahamia tumboni, hata usipoongeza kula, na tumbo hilo lina uhusiano na sukari na presha ambazo huku kwetu zimejaa kila nyumba. Kwa mifupa nala dagaa na miba yake, mtindi, na ufuta, na ufuta kwetu Lamu twaulima wenyewe lakini twauuza wote twanunua biskuti. Mchicha ni mzuri ila kalisiamu yake mwili hauipati vizuri, sukuma wiki yaupita. Na jua nalo lafaa mifupa, sisi wa buibui jua twalikosa ijapokuwa twaishi ndani yake, kwa hivyo nikianika nguo darini najipa muda, mikono wazi na kichwa wazi.

La chumbani nitalisema kwa ufupi kwa heshima. Ukavu upo, na unauma, na si kwamba humtaki mume wala yeye hakutaki. Kuna vilainishi vya duka la dawa na kuna krimu ya estrojeni ya pale pale ambayo daktari aandika. Mwambie mume. Mimi nilichelewa miezi sita kumwambia wangu naye miezi sita ile alidhani nimemchukia. Nilipomweleza alinyamaza, alafu kesho yake akapanda darini na ndoo akanijazia lile galoni la pili mchanga.

Goti langu la kulia lilikuwa limenifanya niswali kwenye kiti karibu miezi minane. Mwezi wa tano wa lile zoezi la kuketi na kuinuka, siku moja Isha nilikuta kiti kimechukuliwa chini kwa wageni. Nikaswali tu chini. Nikasujudu, nikakaa tahiyatu, goti likakunjika. Nilimaliza swala nikabaki pale pale kwenye mswala.

Juzi mamangu amepanda darini ananitafuta, akanikuta na magaloni. Akaketi akatazama mpaka mwisho. Alafu akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba wakati wake yeye alidhani anakufa, alikuwa akijimwagia maji kichwani usiku ili babangu asijue. Miaka hamsini kasoro nimeishi naye sijawahi kulisikia neno hilo. Akaniuliza kama kuna galoni dogo. Nikamtilia maji nusu lita kwenye chupa ya soda, mbili, moja kila mkono.

Kesho ni tarehe tisa ya mwezi wetu, maji mafu. Tuko wanne sasa, twakutana pwani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, hatumngoji mtu kwa sababu maji hayangoji. Njoo na raba na chupa ya maji.